Vitabu Tulivyopeana Tandika

Mtu akinijia kutafuta hadithi ya maajabu, humwanzishia na Adili. Simtajii mwandishi kwanza, wala mwaka. Namwambia kuna mtawala mmoja wa mji, mtu mwema, mpole, raia wanampenda, lakini kila usiku watu wakishalala hufungua chumba fulani, akawatoa manyani wawili na kuwachapa viboko huku mwenyewe anasikitika, kisha akawaandalia chakula kizuri na kuwabembeleza mpaka wale. Hapo nanyamaza. Lazima mtu aulize, "Sasa anawachapia nini?" Jibu limo ndani ya Adili na Nduguze, kitabu alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1952, na kabla ya kulifikia utapita kwenye mji ambao watu wake wamegeuka mawe, utakutana na jini aitwaye Huria, na utaona ndugu wa tumbo moja wanavyoweza kutosana baharini kwa husuda.

Namna hii ya kumwonjesha mtu kitabu niliipata Tandika, miaka ya 1980, na tangu hapo nimeona watu wa Dar es Salaam wakibadilisha mara kadhaa jinsi wanavyopeana hadithi.

Kwetu hadithi ilianzia mdomoni. Bibi mzaa mama alikuwa Mrufiji, kama walivyo wengi wa Temeke ambao Barabara ya Kilwa ndiyo iliyowaleta mjini. Umeme ukikatika alitandika mkeka uani, na watoto wa wapangaji wote wakajaa hapo bila kuitwa. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Kinjikitile wa Ngarambe: alivyovutwa na mzimu akaingia majini, jamaa zake wakashinda ukingoni wakilia, na kesho yake akaibuka, nguo zake kavu. Shuleni baadaye nilimkuta Kinjikitile yuleyule katika somo la historia, vita vya Maji Maji vya 1905, na mwalimu akatuambia tuandike sababu na matokeo. Bibi alikuwa anakaa sana kwenye zile nguo kavu. Alituuliza sisi tunadhani huko chini aliona nini, na kila mmoja alijibu lake, naye hakumkosoa mtu.

Redio nayo ilikuwa na zamu yake. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania kikianza, na sauti ya Debora Mwenda ikasikika, hata waliokuwa wanagombana bombani walinyamaza. Kesho yake shuleni aliyekosa kipindi alisimuliwa, na msimuliaji aliongeza chumvi kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Kitabu chenyewe, cha kushika mkononi, kilikuwa adimu. Ile ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, na karatasi nazo zilikuwa za shida. Vitabu vilivyokuwapo mtaani vilikuwa vya zamani, vimepita mikono mingi, na vya kwetu sisi vilikaa kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na kibaraza karibu na soko la Tandika. Huyu fundi ndiye mtu aliyeniingiza kwenye usomaji, na ninataka nimweleze vizuri.

Chini ya cherehani yake palikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake vitabu. Kitabu kilichokatika jalada hakukitupa. Alichukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule, akakikunja kufuata ukubwa wa kitabu, akapitisha sindano ya mkono kwenye uti wake kwa uzi mweusi mara mbili, kisha akaandika jina kwa kalamu ya wino juu ya kitambaa. Kaki ile ikikaa miezi mikononi mwa watoto ilianza kung'aa kwa jasho, na ungeweza kukitambua kitabu gizani kwa kukipapasa tu. Mlikuwamo Kusadikika, Adili na Nduguze, Safari za Gulliver, Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mapande ya Alfu Lela Ulela yasiyo na mwanzo wala mwisho.

Hakutoza senti. Sharti lake lilikuwa umsimulie ulipofikia, naye akiendelea kukanyaga cherehani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

"Kwenye mji wa mawe."

"Umeshamwona aliyebaki mzima?"

"Bado."

"Basi hujafika. Rudi kasome."

Nilikimbia nyumbani nikasoma kwa kibatari mpaka nikamkuta Mwelekevu, mtu pekee aliyesalimika katika mji ule. Fundi alikuwa ameniambia jambo moja dogo lililo mbele yangu, na hilo likanivuta. Hakuwahi kuniambia mwisho wa kitabu chochote. Pia hakumpa kila mtoto kitabu kilekile. Aliyekuwa mwoga wa giza alipewa Gulliver kwanza, akacheke na vile vijitu vidogo. Aliyekuwa amefiwa hakupewa kitabu chenye kifo mpaka apoe. Nimekutana na wasomi wengi wa fasihi tangu siku zile, na sijaona aliyemjua msomaji wake kuliko yule mshona suruali.

Nilipoingia sekondari nilivikuta vitabu vya sandukuni vimevaa sare nyingine. Kusadikika ikawa fani na maudhui, na dhamira kuu ya haki na utawala wa sheria. Yote hayo ni kweli, na Shaaban Robert alikusudia tuyaone. Aliandika chini ya ukoloni, na kesi ya Karama mbele ya mfalme ina uzito wake. Lakini fundi alikuwa amenipa kitabu hichohicho kwa kuniambia kuwa kuna nchi inayoelea hewani, na watu wake wanatuma wajumbe sita, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mbinguni na mmoja ashuke huku ardhini kwetu, na kila anayerudi na habari njema anatiwa kifungoni. Mtoto akiambiwa hivyo anataka kujua huyo aliyeshuka kwetu aliona nini. Akiambiwa ajadili dhamira kwa hoja sita, anatafuta daftari la kaka yake anakili. Kufikirika nayo, kitabu kingine cha Shaaban Robert, imesomwa na vijana wengi wa kidato cha tano na sita, na wengi wao ukiwatajia jina lake wanakumbuka mtihani. Hili linaniuma. Hadithi zetu bora kabisa za ulimwengu wa kubuni tumezifungia kabati la mtihani, halafu tunasema Kiswahili hakina hadithi za namna hiyo.

Miaka ya 1990 watu wa mtaani kwetu walihamia kwenye vibanda vya video. Filamu za Hong Kong, za Kihindi na za Marekani zilipata sauti ya Kiswahili ya Derek Gaspar Mukandala, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Lufufu, na wengi walikuwa wanamfuata yeye kuliko filamu yenyewe. Kisha yakaja magazeti ya udaku na kurasa zao za hadithi, Eric Shigongo akiwa ndiye mfalme wa huko, na watu wakanunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja. Miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa filamu za Nsyuka na Shumileta, na majini yakawa gumzo la saluni zote za Temeke. Vitabu vya sandukuni vilipoteza wasomaji. Kupendekeza nako kulibadilika: ulichokuwa unampa mwenzako ni ile sehemu ilipokatikia, ili mkeshe mnabashiri pamoja mpaka wiki ijayo.

Nilipoolewa nilihamia Mwananyamala, upande wa Kinondoni, na huko nikapata kitu ambacho Tandika hatukuwa nacho: mahali pa kukaa na wasomaji wengine tukabishana. Kwenye mkahawa wa vitabu wa Soma, pale Regent Estate, Mikocheni, kuna vitabu na chai na kivuli, na hapo ndipo nilipomsikia kijana mmoja akisema kuwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi ndiyo kitabu cha ajabu kuliko vyote alivyowahi kusoma kwa lugha yoyote. Nilikuwa nimeikwepa kwa miaka. Niliinunua pamoja na Mzingile, iliyoifuata mwaka 1991, mwaka mmoja tu baada ya ya kwanza, na nikasoma zote mbili mfululizo. Mtu anatembea katika ulimwengu ambao huwezi kusema kama ni ndoto au ni kuzimu, anakutana na wanafalsafa waliokwisha kufa, na njia inajikunja mpaka hujui unakwenda mbele au unarudi. Ni vitabu vyembamba sana, na mtu anaweza kudanganyika kwa wembamba huo. Simpi anayeanza. Nampa aliyekwisha kusoma mengi na ameanza kuchoka, anayedhani hakuna cha kumshangaza tena, na namwambia asijitese kutafuta maana kurasa za mwanzo, atembee tu.

Kwa vijana wanaopenda vita vikubwa, wale waliokulia Harry Potter za mitumba na Game of Thrones za kwenye flashi, ninacho Ziraili na Zirani cha William Mkufya, cha mwaka 1999. Humo mbingu na kuzimu vinapigana, na mwandishi hakuogopa kuuliza maswali ambayo wengi wetu tunayanong'ona. Mtoto wa dada yangu alikisoma akaja amenuna. "Mama mdogo, hiki kitabu mbona hawakukitaja shuleni?" Nikamwambia ndiyo sababu nimempa mimi. Aliyependa safari nampa Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, ambamo mtu anazunguka dunia iliyogeuka kijiji kimoja, kila pembe ina kioja chake. Mwenye watoto wadogo namwelekeza kwa Alisi. Hadithi hiyo ya Lewis Carroll ilifika kwetu mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akaitafsiri upya kwa Kiswahili cha leo. Isomwe kwa sauti, mtoto akiwa ameegemea mkononi. Na Alfu Lela Ulela, ile niliyoisoma mapandemapande, siku hizi ipo ya Hassan Adam iliyochapwa na Mkuki na Nyota. Niliponunua nilikaa sebuleni nikatafuta mianzo ya zile hadithi nilizozijua tangu katikati.

Binti wa kaka yangu anaishi Mbagala Rangi Tatu na anafanya kazi Posta. Anasoma kwenye daladala, kwa simu, na anasoma kuliko nilivyowahi kusoma mimi. Hadithi zinamfikia kwa vipande: sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, kisha mtunzi anaweka namba yake, unatuma shilingi elfu moja, unaingizwa kwenye kundi. Wapo wanaozibeza hadithi hizi. Mimi si mmoja wao. Nimesoma humo hadithi za miji iliyo chini ya bahari, za binti aliyeposwa na jini wa Bagamoyo, za mganga anayeona siku za mbele lakini haioni kesho yake mwenyewe, na baadhi yake zimeandikwa na watu wanaojua hasa kumshika msomaji. Wanachofanya ni kilekile kilichokuwa kikifanywa uani kwetu.

Ila kuna jambo linanikera, na nalisema kila ninapopata nafasi. Hadithi ikitumwa toka simu hii hadi ile, jina la mtunzi hufutwa njiani. Mtu ananitumia sehemu arobaini za hadithi nzuri, namuuliza ya nani, hajui. Aliyeitunga yuko labda Tandale au Yombo, amekesha akiandika kwa kidole gumba, na hakupata hata ile elfu moja. Kaki za fundi zilikuwa zimechakaa, lakini jina la mwandishi aliliandika kwanza, juu, kwa herufi kubwa. Binti wa kaka yangu tumekubaliana: asinitumie hadithi isiyo na jina la mwenyewe. Siku hizi akiipenda hadithi anamsaka mtunzi kwanza, na mara mbili tatu amempata na akamlipa.

Tunachokosa ni mfululizo wa vitabu. Msomaji akimaliza Adili anataka kuendelea kukaa ulimwengu ule, anauliza kitabu cha pili kiko wapi, na sina cha kumpa. Magazeti na simu vimethibitisha kwamba Mtanzania atafuata hadithi kwa miezi na ataitoa fedha yake. Malighafi imejaa. Fumo Liyongo asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Ng'wanamalundi wa Usukumani, ambaye inasimuliwa alinyooshea miti kidole ikakauka. Emmanuel Mbogo amemwandikia tamthiliya, lakini riwaya ndefu ya juzuu nne tano bado tunaidai. Kinjikitile na usiku wake mmoja chini ya maji, usiku ambao peke yake unajaza kitabu. Mchapishaji atakayethubutu aanze na hicho cha Kinjikitile. Wanunuzi wa kwanza wapo Temeke, na orodha yao ninayo tayari.