Steringi nani? Joan Hickson na miaka hamsini ya kuleta chai



Najua wengi mkifungua hapa mnategemea habari za bumu, foleni ya kafeteria na ratiba ya UE. Leo tuviweke pembeni. Nataka niwaletee bibi mmoja wa Kiingereza, marehemu sasa, ambaye wiki mbili hizi amenikaa kichwani kuliko madesa yote ya saikolojia ya elimu. Jina lake Joan Hickson.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna ugonjwa mmoja. Mkanda ukianza tu, majina hata hayajaisha kupita, mtu anauliza: "Steringi nani?" Akishaonyeshwa roho inatulia, maana steringi hafi. Waliobaki wote ni watu wa kupigwa, kufungua mlango na kuleta chai. Na hakuna hata mmoja anayeuliza jina la mleta chai.

Sasa Joan Hickson ndiye alikuwa mleta chai. Kwa miaka hamsini.

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 Kingsthorpe, Northampton. Akasomea uigizaji London, kwenye chuo cha RADA, na akapanda jukwaani mwaka 1927. Filamu alianza 1934. Enzi hizo studio nyingi za Uingereza zilikuwa karibu na London, hivyo mwigizaji aliweza kurekodi filamu mchana, jioni akawahi ukumbi wa maigizo. Steringi alikuwa na wiki nyingi za kazi. Mtu kama Hickson aliitwa siku chache tu, anasema yake, anaondoka, anakwenda kufungua mlango kwenye filamu nyingine.

Angalieni orodha yake. Love from a Stranger (1937), mtumishi wa ndani. Seven Days to Noon (1950), mama mwenye nyumba anayepangisha vyumba. The Man Who Never Was (1956), mama mwenye nyumba tena! Carry On Nurse (1959), sista wa wodi. Carry On Constable (1960), mama mtu mzima anayependa chupa. Makumi ya filamu, na karibu zote ukienda chooni dakika mbaya ushampita.

Lakini hebu chukueni hiyo Seven Days to Noon. Mwanasayansi mmoja ametoroka na bomu la atomiki na anatishia kuilipua London kama serikali haitaacha kutengeneza silaha hizo. Jeshi linahaha, waziri mkuu anahutubia, watu wanahamishwa. Katikati ya yote hayo, yule mwanasayansi anakwenda kupanga chumba, na mwenye nyumba ni Hickson. Dunia nzima ina wasiwasi na bomu. Yeye ana wasiwasi na mpangaji asiyelala usiku. Unacheka, halafu unashtuka. Kwa sababu mpaka pale London ilikuwa ramani tu mezani kwa wakubwa. Baada ya kumwona yule mama ndipo unajua nani hasa atakufa bomu likilipuka. Filamu ile ilipata Oscar ya hadithi bora. Mimi nasema bila yule mama wa vyumba hadithi yenyewe ingekuwa nusu.

Hiyo ndiyo kazi ya mhusika mdogo, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona hivyo. Steringi anaibeba hadithi. Mleta chai anatuambia hadithi inatokea wapi na inawahusu akina nani.

Haya, sasa sikilizeni vituko. Miaka ya 1940 Hickson aliigiza jukwaani katika Appointment with Death, mchezo wa Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi. Alikuwa hajafika hata miaka arobaini. Christie akamwandikia barua fupi kwamba anatumaini siku moja atakuja kuwa Miss Marple wake. Kwa msiomjua, Miss Marple ni bikizee wa kijiji cha St Mary Mead anayefuma sweta huku anakamata wauaji. Barua ikasomwa, maisha yakaendelea.

Mwaka 1961 ikatoka filamu ya Miss Marple, Murder She Said, iliyotokana na riwaya ya 4.50 from Paddington. Miss Marple alikuwa Margaret Rutherford. Hickson naye yumo! Yumo kama Mrs Kidder, mfanyakazi wa jikoni. Yaani mwandishi mwenyewe alishamwona kuwa anafaa, halafu anakuja kuwekwa jikoni kwenye nyumba ile ile anayopelelezwa muuaji. Angekuwa mtu mwingine angesusa. Yeye alivaa aproni akafanya kazi.

Christie akafariki Januari 1976. Hickson akaendelea. Mwaka 1979 akapata tuzo ya Tony kule New York kwa mchezo wa Bedroom Farce wa Alan Ayckbourn. Alikuwa na miaka 72, na tuzo yenyewe ilikuwa ya mwigizaji msaidizi. Halafu Desemba 1984, BBC wakaanza kuonyesha The Body in the Library, na Miss Marple ni Joan Hickson. Alikuwa na miaka 78! Umri ambao bibi zetu tunawaambia wapumzike, yeye ndiyo kwanza anakuwa steringi. Akacheza riwaya zote 12 za Miss Marple, ya mwisho ikaonyeshwa Desemba 1992 akiwa na miaka 86. Ile 4.50 from Paddington wakairudia mwaka 1987, na safari hii aliyekuwa mfanyakazi wa jikoni ndiye mpelelezi. Alifariki tarehe 17 Oktoba 1998 akiwa na miaka 92.

Na alikuwa mzuri, jamani. Hapigi kelele, hachekeshi kwa nguvu. Anakaa kwenye kona na sweta lake, watu wanaongea mbele yake kama vile hayupo, na macho yake yanachukua kila kitu. Siri ya Miss Marple ni hiyo hiyo: muuaji hamhesabu bikizee. Sasa nani angeijua hali hiyo kuliko mwanamke aliyekaa nusu karne pembeni ya picha akiwasikiliza masteringi wanaongea?

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika maoni: "Subira huvuta heri." Mdau, shusha kalamu. Sitaki mtu atoke hapa na hiyo.

Kwanza, yule mama hakuwa anasubiri. Mtu anayesubiri anafanya kazi nusu nusu, jicho liko mlangoni. Ukimtazama kwenye ile filamu ya 1950 huoni mtu aliyeweka akiba ya nguvu kwa ajili ya 1984. Tuseme angefariki akiwa na miaka 77, kabla ya Miss Marple. Mama wa vyumba angepungua nini? Hakuna.

Pili, wanaohubiri subira mara nyingi wamekaa kwenye viti tayari. Niliposimulia habari hizi kimbwetani, mwenzangu wa chumbani alinikata: "Dada, wewe unasifia kukaa pembeni. Kuna waliowekwa pembeni." Akanitajia Marianne Jean-Baptiste, naye Mwingereza. Aliigiza Secrets & Lies, iliyochukua tuzo kuu ya Cannes mwaka 1996. Mwaka 1997 akawa mwanamke wa kwanza mweusi wa Uingereza kuteuliwa kugombea Oscar ya uigizaji, kipengele cha mwigizaji msaidizi. Mwaka ule ule Cannes ikatimiza tamasha la 50, waigizaji vijana wa Uingereza wakapelekwa huko kuiwakilisha nchi, na yeye hakualikwa. Hakunyamaza. Alisema hadharani kwamba ameumia. Akahamia Marekani, akafanya kazi miaka kibao kwenye Without a Trace, na mwaka 2024 akaonekana kwenye Hard Truths ya Mike Leigh, steringi mwenyewe. Huyu ungemwambia avute subira na aproni ya jikoni, ungekuwa unamtukana.

Nimekubali. Kwa hiyo tuweke mpaka. Kazi ndogo ni jambo moja, kudogeshwa ni jambo jingine.

Sasa kwa nini mwanafunzi wa elimu anawaletea haya? Kwa sababu nyie wa kozi nyingine mnajua mnavyotuita. Na hata nyumbani. Likizo iliyopita baba mdogo aliniambia mbele ya wageni, kwa upendo kabisa: "Mwanangu, ualimu ushikilie tu, huku ukitafuta kitu cha maana." Sikumjibu, yule ni baba yangu. Ila neno "ushikilie" lilinikaa kooni.

Nimeshafanya mazoezi ya kufundisha mara moja. Kidato cha pili, watoto zaidi ya 80 darasa moja, dakika 40. Pale ndani steringi si mimi. Kuna mtoto ataondoka pale awe daktari au awe na duka lake, na hadithi itakuwa yake. Mimi nitakuwa yule wa dakika mbili aliyemwelewesha kusoma ramani, na jina langu huenda akalisahau. Ninaweza kuingia darasani huku jicho liko mlangoni. Au ninaweza kuingia kama yule mama wa vyumba, nikajaa ndani ya dakika zangu 40 mpaka mtoto wa kiti cha nyuma ajue shule hii ina watu. Mimi nimechagua hili la pili.

Lakini kuna kitu kimoja msikisahau kwa Hickson: dakika zake mbili alilipwa, na jina lake mara nyingi liliandikwa kwenye filamu. Hakuna aliyemwambia kuleta chai ni wito kwa hiyo asidai. Sisi tunaambiwa ualimu ni wito, halafu neno hilo hilo linatumika kutufunga mdomo tukiuliza nyumba ya mwalimu, posho, na ndugu zetu waliomaliza miaka mitatu iliyopita na bado wako mtaani wanasubiri ajira. Nitafanya kazi ndogo kwa moyo wote. Na nitadai changu kwa moyo wote. Sioni vinapogombana.

Basi wadau, mwenye flashi anione nimpe Seven Days to Noon. Ukiitazama usiulize steringi nani. Msubiri mama wa vyumba, halafu rudi hapa uniambie umeona nini. Na kama una mwalimu mmoja wa dakika mbili unayemkumbuka, andika alichokufundisha.

Kesho nina semina saa moja asubuhi na desa sijaligusa. Maoni ruksa, matusi hapana. Siku njema!