SUMU ISIYOUMA



Neno letu leo ni Mithali 23:31-32. Lisome polepole. Linatuonya kuhusu kitu kinachometa kikombeni, kinachoshuka kooni bila shida, halafu mwishowe kinauma kama nyoka. Hakiumi mwanzo. Kinauma mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita nilienda mkutano wa Injili Malindi. Asubuhi moja maji yamekupwa, nikaona konokono wa baharini kando ya jiwe. Ganda lake zuri ajabu, umbo la koni, limechorwa madoa ya kahawia. Nikainama nimwokotee binti yangu zawadi ya kurudi nayo Kawangware. Mzee mvuvi akanishika mkono. "Wacha hiyo, ndugu yangu! Huyo haguswi. Anaua."

Nikacheka. Konokono aue mtu? Lakini nilipouliza na kusoma, kicheko kiliisha. Wataalamu wanamwita Conus geographus. Anaishi Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo. Hafiki hata urefu wa rula yako ya shule, na mwendo wake ni wa konokono tu. Silaha yake ni jino mfano wa chusa, lenye tundu ndani kama sindano, limejaa sumu. Kwa hilo anawinda samaki wanaomshinda mbio.

Sikiliza hili. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba ndani ya sumu yake kuna insulini inayofanana na ya samaki. Samaki akiipata, sukari mwilini inashuka, analegea. Hapigani. Hakimbii. Anamezwa ametulia tuli! Hata binadamu anaweza kuchomwa asisikie uchungu mwingi. Kisha ganzi, kisha misuli inalegea, kisha pumzi inakata.

Mpendwa, mimi nimewahi kuwa huyo samaki.

Kodi ya jengo la kanisa ilichelewa. Nikachukua mkopo wa simu, shilingi 2,000. Pesa iliingia kabla sijaweka simu mfukoni. Hakuna aliyeniuliza swali, hakuna aliyeniangalia usoni. Sikuhisi chochote. Nikasema, "Mungu ametenda." Mwezi ulipoisha nikachukua wa pili nilipe wa kwanza. Nikafika mkopo wa tano. Jumapili moja nilihubiri Kawangware kuhusu uaminifu huku simu inatetemeka ndani ya koti, na nilijua ni nani anapiga. Nilitabasamu, nikasema Haleluya. Nilikuwa nimetulia, na nilikuwa namezwa.

Mke wangu alijua siku walipompigia yeye. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba, na sisi tunaomba pamoja kila usiku?" Hapo ndipo niliposikia uchungu kwa mara ya kwanza. Ninamshukuru Mungu kwa uchungu ule.

Sumu ya konokono huyu haina dawa ya kuikata. Aliyechomwa hukimbizwa hospitali, akasaidiwa kupumua mpaka sumu yenyewe iishe mwilini. Yaani anahitaji mtu wa kumpumulia. Nami nilipumuliwa. Nilikaa mbele ya wazee wa kanisa nikasema yote. Mama mmoja wetu wa Kibera, muuza omena Laini Saba, alikuja nyumbani na daftari lake la biashara. Akanifundisha kuandika kila shilingi. Mama ambaye mimi ndiye mchungaji wake! Ilituchukua miezi tisa kumaliza madeni.

Wewe unayesoma hapa, yako ni gani? Labda ni mkeka wa mechi unaoweka ukiwa kwa matatu namba 46. Labda ni kikombe cha chang'aa, cha kupunguza mawazo tu. Labda ni ujumbe unaofuta kabla ya kufika nyumbani. Usiseme, "Mbona sioni madhara?" Hiyo ndiyo kazi ya sumu hii.

Na Mungu wetu hakosi njia. Kutoka kwa jamaa wa konokono huyu, anayeitwa Conus magus, wanasayansi walipata dawa ya maumivu makali, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Soma pia Hesabu 21: walioumwa na nyoka waliangalia nyoka wa shaba wakaishi. Ndiyo maana naandika aibu yangu hapa. Iliniuma, leo imponye mtu.

Usiku huu fanya jambo moja. Andika kwa karatasi kile unachoficha. Mwonyeshe mtu mmoja anayemcha Mungu, kabla jua la kesho halijachwa.

Tuombe: Baba, turudishie uchungu pale tulipokufa ganzi. Tupe ujasiri wa kusema, na mtu wa kutupumulia. Kwa jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, kisha umtumie ndugu yako. Mbarikiwe.