Khabari ya Nywele Zangu



Ni zaidi ya miaka thelathini sasa nafundisha watoto wa kike chuoni hapa Tanga, na katika muda huo wote sikupata kushika kalamu kuandika jambo la nafsi yangu. Elimu yangu ni ya chuo cha Qur'ani na darasa la saba, basi msitaraji kwangu maneno ya kitabibu makubwa. Nitakayoyasema ni yale yaliyonipata, na yale niliyoelezwa na daktari nikayafahamu. Lau si binti mmoja ambaye nusura nimwangamize kwa ulimi wangu, ningalinyamaza, kwani khabari ya nywele za mwanamke si ya kutangazwa. Lakini ziko siri ambazo zikifichwa huzaa madhara, nami naona hii ni mojawapo.

Katika mwezi wa Mlisho wa mwaka 2022 nalikwenda hospitali kwa sababu ya kiu na kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Nikapimwa. Daktari akaniambia kuwa sukari imeanza kupanda. Haijafika kuitwa kisukari, ila iko mlangoni. Uzito wangu ulikuwa kilo 92, nao umezidi kimo changu. Akanishauri nipunguze wali na sukari, nitembee kwa miguu kila siku, na nipungue pole pole. Neno hilo la "pole pole" liliingia sikio hili likatokea lile.

Ramadhani ikapita. Ulipoingia Mfunguo Mosi nalifunga sita, kisha nikasema moyoni: ikiwa njaa naiweza, kwa nini nisiendelee nayo? Nikawa nala mara moja tu kutwa, baada ya magharibi: chai ya rangi na kipande cha muhogo au papai, basi. Samaki nikaacha, maharage nikaacha, mayai sikuyagusa. Mfunguo Pili akafariki mama yangu, niliyekuwa nikimuuguza, na msiba ukaniondolea hata ile hamu ndogo iliyobaki. Ulipomalizika Mfunguo Tatu nalikuwa na kilo 75. Kilo 17 zilikuwa zimeondoka kwa miezi mitatu.

Watu wakanisifu. Arusini wanawake walinizunguka wakisema, "Mashallah, Bi Mwalimu, umerudi usichanani!" Nami nikapenda kusifiwa, Mwenyezi Mungu anisamehe. Wanafunzi wangu waliponiuliza siri yake, naliwajibu kwa fahari kwamba mimi sili ila mara moja kwa siku, na kwamba mwenye kula sana moyo wake hulala. Naliivika tamaa yangu joho la ucha Mungu, na watoto wakaamini kuwa ndiyo dini.

Mwanzo wa Mfunguo Nne, alfajiri moja, nalikuwa natawadha. Nalipopaka maji kichwani na kuuondoa mkono, kiganja kilikuwa kimejaa nywele. Nikadhani ni za chanuo la jana. Adhuhuri ikawa vile vile, na alasiri vile vile. Nywele zangu, ambazo marehemu mama alikuwa akizisuka mabutu manne mazito nilipokuwa mdogo, zikawa zaondoka zenyewe, kwa mizizi yake, bila ya kuvutwa. Kwenye panja nikaanza kuiona ngozi.

Nitasema lililo aibu kulisema. Nalifika mahali pa kuiogopa sala, kwa kuuogopa udhu. Mara tano kwa siku nalikuwa nahesabu hasara yangu mkononi. Nikawa nagusa kichwa kwa ncha za vidole tu. Josho nikaliahirisha mpaka wakati unakaribia kunitoka. Mwalimu wa chuo, anayewafundisha watoto nguzo za udhu, alikuwa akijificha msalani akilia kwa ajili ya nywele.

Majirani wawili niliowaambia walinipa dawa mbili. Wa kwanza alisema ni jicho la hasidi, tangu siku ile ya arusi. Wa pili akasema, "Shoga, siku hizi nywele za bandia zi tele madukani, nani atajua chini ya mtandio?" Nami nikanunua mafuta ya nyonyo, nikanunua habasoda, nikapaka maji ya kitunguu, na mwisho nikanunua chupa isiyo na jina wala anwani kwa shilingi 60,000. Ilinichoma ngozi mpaka ikatoka malengelenge.

Mume wangu sikumwambia. Nalikuwa nalala na kitambaa kichwani nikisema naumwa na baridi, Tanga hii yenye joto. Usiku mmoja akaniambia, "Mama watoto, mimi najua. Kila alfajiri naziokota juu ya mto kabla hujaamka, nikazitupa, ili usizione." Nikashindwa kumjibu. Miezi miwili kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenziwe jambo lile lile.

Ikaingia Mfunguo Tano. Katika wanafunzi wangu wakubwa alikuwako binti wa miaka 17, wa kidato cha nne, ambaye mtihani wake wa taifa ulikuwa wa mwezi wa Novemba. Hodari wa kuhifadhi. Siku moja baada ya alasiri alikuwa akinisomea, sauti ikampotea, akaanguka kifudifudi juu ya mkeka. Tulimpepea, tukampa maji ya sukari, akazindukana. Nikasema ni mtihani, asoma usiku mno.

Kesho yake akanijia mama yake. Akaniamkia, akakaa, akatoa karatasi iliyokunjwa akaifungua mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na nywele, fungu zima. "Bi Mwalimu," akasema, "nakuomba usiniudhikie. Hizi zimetoka jana, nilipokuwa namsuka mwanangu. Tangu mwezi wa sita ameacha kula. Ataka kukonda. Nikimgombeza hunijibu kuwa Bi Mwalimu naye hali ila mara moja, na kwamba ataka awe kama wewe."

Wasomaji wangu, nalikuwa nimejifunika mtandio wangu vizuri, na chini yake kichwa changu kilikuwa kama chake. Nikauondoa mtandio. Yule mama akanitazama, akashika kinywa. Nikamwambia, "Mwanao kweli amekuwa kama mimi. Twendeni kwa daktari sote watatu."

Tulikwenda mwanzo wa Mfunguo Sita, na niliyoyasikia huko nayaweka hapa kwa faida ya kila nyumba.

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele una zamu yake: hukua kwa miaka miwili mpaka sita, kisha husimama ukapumzika kwa muda wa miezi miwili au mitatu, kisha huanguka na mwingine huota mahali pake. Kwa desturi, katika kila nywele 10, kama 9 ziko katika kukua na moja inapumzika. Ndiyo maana mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 mpaka 100 kila siku wala asitambue. Lakini mwili ukipatwa na shida kubwa, kama homa kali, uzazi, upasuaji, msiba, au njaa ya ghafla, hufanya hisabati kama mama mwenye nyumba katika mwezi wa dhiki. Chakula kidogo kilichopo hupelekwa kwenye moyo na ubongo, na visivyo vya lazima huambiwa vingoje. Nywele si za lazima kwa uhai. Basi nyingi husimama kukua kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu huanguka kwa pamoja.

Hapo nikafahamu kwa nini sikuoanisha mambo. Nywele zilizoanguka Mfunguo Nne zilikuwa zikisimulia khabari ya Mfunguo Mosi. Hasidi wa arusini hakuhusika. Aliyenihusudu alikuwa mimi mwenyewe.

Tukapimwa damu. Yangu ilikuwa 10.4, na mwanamke asiye mjamzito hutakiwa asipungue 12. Ya binti ilikuwa chini zaidi. Daktari akatupima na tezi ya shingoni, kwani nayo ikiharibika nywele hunyonyoka, akaniuliza khabari za vidonda vya tumbo na minyoo. Akatupa dawa ya kuongeza madini ya chuma. Akasema unywele umejengwa kwa utomwili, yaani kile kilichomo katika samaki, mayai, maziwa, maharage na kunde. Nami ndivyo nilivyoviacha. Akanionya juu ya chai: ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usiipate chuma iliyomo, na ndimu au chungwa husaidia ipatikane. Khabari ya kupungua uzito alisema nisiiache, maana sukari bado ni khatari; ila nusu kilo mpaka kilo moja kwa juma yatosha. Mimi nalikuwa nimepita kiasi hicho kwa wiki nyingi. Wala hakuilaumu funga. Mwenye kufunga akafuturu vyema na akala daku hapungukiwi na kitu; alilolaumu ni kujinyima kwa mwaka mzima na kuita hivyo ibada.

Tuliporudi nyumbani nalifungua kitabu. Iko hadithi mashuhuri katika Bukhari na Muslim, iliyopokewa na Bibi Asmaa binti Abubakar, ya mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kumweleza kuwa binti yake ameolewa, naye maradhi yamemnyonyoa nywele, je, amuunganishie nyingine? Akakatazwa. Hadithi hiyo nimeifundisha miaka mingi kwa ajili ya katazo lake tu, na masheikh wamezibainisha hukumu za jambo hilo kwa urefu. Mwenye haja na awaulize. Lakini usiku ule naliiona kwa mara ya kwanza yule mama. Naye alikuwa na karatasi iliyokunjwa, kwa namna ya zama zake. Aliona nywele za mwanawe ni jambo la kumwendea nalo Mtume, na Masahaba hawakuona ni upuuzi kulipokea na kulifikisha kwetu. Basi mimi nilikuwa nani, hata nilione haya kumwambia daktari?

Na nikakumbuka kisa cha Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta akifunga mchana na kusimama usiku kucha mpaka amemsahau mkewe na nafsi yake. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, na nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (S.A.W.) akamsadiki Salman. Kisa hicho nacho nimekisomesha mara nyingi, kisinifikie.

Ijumaa iliyofuata naliwakusanya wanafunzi wangu wote, wakubwa kwa wadogo. Nikawaambia kwamba neno nililowaambia juu ya kula mara moja lilikuwa kosa, kwamba nililisema kwa kupenda sifa, na kwamba limemdhuru mmoja wao na mimi mwenyewe. Yule binti alikuwa amekaa nyuma ameinamisha kichwa. Hakuna kazi ngumu kwa mwalimu kama kulirudisha neno lake mbele ya watoto. Lakini nikajua kuwa neno langu la kwanza lilitoka kinywani mwangu, na dawa yake haina budi kutoka hapo hapo.

Nywele hazirudi kwa haraka zilivyoondoka, kwani hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi. Zile za kuanguka zilipungua baada ya miezi michache, na mwezi wa Rajabu, Februari 2023, naliona kwenye panja vinywele vifupi vilaini, kama vya mtoto mchanga. Sitawadanganya: utosini hazikurudi zote, maana na umri nao una fungu lake. Uzito uliongezeka kidogo, kisha ukaanza kushuka tena taratibu kwa kutembea na kwa kula ipasavyo. Binti alifanya mtihani wake. Siku hizi akija kunitembelea humwekea chakula mbele yake, nami nikala naye.

Nanyi wazazi, nawausia machache. Si kila unyonyokaji ni kama wetu. Nywele zikitoka kwa vibaka mviringo, au kukiwa na mapunye, usaha au mwasho, ni maradhi mengine yenye dawa zake. Zikikatika mbele na kwenye panja kwa wasichana, tazameni kwanza misuko: kusuka kwa kukaza mno, mwaka hata mwaka, huua shina la unywele, na likifa halioti tena. Msinunue chupa zisizo na jina. Hata vidonge vya vitamini visimezwe ovyo: vitamini A ikizidi hunyonyoa nywele, na kile kiitwacho biotini kikimezwa kwa wingi huweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu.

Zaidi ya hayo, sikilizeni binti zenu wanapokataa chakula. Na mkiona nywele juu ya mto wa mtu mnayempenda, msiziokote kwa siri miezi miwili. Mwambieni.

Namwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, amrehemu mama yangu, na atuepushe waalimu na neno tunalolisema kwa ajili ya macho ya watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.