Jina Moja, Rangi Mbili

Wengi wenu mmekwisha kununua kopo la rangi ili kuimaliza kazi iliyoanzwa na kopo lingine, kisha mkaona kwamba ukuta umepata sura mbili. Jina lililoandikwa juu ya makopo yote mawili ni moja, labda «krimu» au «pembe ya ndovu». Lakini viwanda ni viwili, na rangi ni mbili vilevile. Watu husema: Si kitu, ni ukuta tu. Sisi tulio waalimu hapa Kashuga, katika milima ya Masisi, tumeona kwamba pengine ni kitu kikubwa, na kwa hiyo twataka kulieleza shauri hili kwa kirefu kidogo.

Yafaa kwanza mpajue mahali petu. Kwa miaka mingi Kashuga imepokea watu waliokimbia vita vijijini mwao, na watoto wao husoma pamoja na wetu. Katika shule moja ya huku darasa lilikuwa dogo mno, basi wazazi wakaubomoa ukuta wa nyuma na kukirefusha chumba. Sehemu ya zamani ilikuwa imepakwa krimu yenye umanjano, kama dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Ilipofika zamu ya sehemu mpya, chapa ile haikupatikana. Kitshanga iko katika njia yetu ya kwenda Goma, na tangu vita vilipoufikia mji ule mwezi wa Januari 2023, hakuna mtu mwenye akili aliyefunga safari kwa ajili ya kopo la rangi. Ikanunuliwa krimu nyingine iliyokuwapo. Ilipokauka ilionekana kana kwamba mtu ametia majani ndani yake.

Sasa, watoto wa wageni ndio waliokaa nyuma, kwa kuwa ndio waliofika mwisho. Hazikupita wiki mbili wanafunzi wakaanza kusema «upande wa wakimbizi», huku wakionyesha kwa kidole mstari zilipokutana rangi mbili. Hakuna mwalimu aliyewafundisha neno hilo. Ukuta ndio uliowafundisha. Tuliwachanganya watoto katika madawati, na ndivyo ilivyopasa. Lakini mstari ulibaki mahali pake, na neno likabaki pamoja nao. Tukakusudia kuuondoa mstari wenyewe.

Fundi wetu, mzee aliyepaka nyumba nyingi kutoka Mweso mpaka Pinga, alizitazama zile krimu mbili akasema: «Mwalimu, hawa ni jirani, si ndugu.» Na kweli ndivyo ilivyo. Hakuna sheria inayosema krimu ni nini. Kila kiwanda hubatiza rangi zake kama kipendavyo. Tena jina la kiwanda nalo laweza kuhama. Mwaka 2017 kampuni ya Kansai Plascon ilikinunua kiwanda kilichokuwa kikitengeneza rangi za Sadolin nchini Uganda, kikaanza kuuza kwa jina la Plascon. Nalo jina la Sadolin likaenda kwa kiwanda kingine, Regal Paints. Basi mtu aliyepaka chumba chake kabla ya mwaka ule, akarudi dukani baadaye kutafuta jina lile lile, alipewa kazi ya mikono mingine.

Wajerumani walilitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 1927 walifanya orodha ya rangi 40 iitwayo RAL, kila rangi ikiwa na namba yake, ili mnunuzi na kiwanda wasibishane juu ya majina. Orodha hiyo imeongezeka sana, nayo hutumika katika nchi nyingi. Nyeupe ya krimu ni namba 9001. Ile iliyo karibu na pembe ya ndovu ni 1015. Anayeweza kutaja namba amemtangulia sana anayetaja jina. Lakini hata namba haimalizi yote: rangi ya mafuta hung'aa na ile ya maji hufifia, na macho huona tofauti hata kama namba ni moja.

Sababu iko ndani ya kopo. Rangi ni unga laini uliochanganywa na kitu cha kuugandisha ukutani. Weupe wa siku hizi hutoka katika madini ya titani. Umanjano na wekundu wa krimu mara nyingi hutoka katika kutu ya chuma, yaani kile kile kinachoufanya udongo wa vilima uwe mwekundu. Kwa hiyo mama zetu waliosiliba nyumba kwa udongo walikuwa wakifanya kazi ya kiwanda bila kujua, tena kwa busara: ukuta mmoja, shimo moja la udongo. Viwanda viwili ni mashimo mawili. Kimoja huupata umanjano wake kwa unga huu, kingine kwa unga ule, na kila unga huumeza na kuurudisha mwanga kwa namna yake. Mwanga wa jua una rangi zote za upinde wa mvua. Taa nyingi hazina zote kwa kipimo hicho. Ndiyo sababu rangi mbili hupatana chini ya taa ya dukani, kisha hugombana mbele ya dirisha. Katika miji mikubwa kama Kampala na Nairobi kuna maduka yenye mashine ya kuupima mwanga unaorudi kutoka katika kipande cha ukuta na kutoa hesabu ya kuchanganya. Ni msaada mkubwa, lakini sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na fundi, ndoo ya lita 20 ya rangi nyeupe ya maji, vikopo vya rangi kali za kuchanganyia, na wanafunzi.

Tulitumia njia ya Albert Munsell, mwalimu wa uchoraji wa Marekani, aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1905 kwamba kila rangi yaweza kuulizwa maswali matatu. Ni ya jamii gani, manjano au nyekundu au nyingine? Ina mwanga au giza kiasi gani? Ni kali au ni pole? Mtoto wa darasa la tano huyashika maswali hayo kwa asubuhi moja. Fundi aliweka nusu lita ya nyeupe katika kopo, akatia kijiko cha chai cha manjano, akapaka ubao uliorandwa na kuuandika namba. Tukaungoja ukauke, maana rangi ya maji iliyo mbichi hudanganya: ikikauka huzidi giza kidogo. Kisha tukauegemeza kwenye ukuta wa zamani, tuliokwisha kuuosha kwa sabuni, maana moshi na vumbi navyo ni rangi. Tuliutazama asubuhi, adhuhuri na jioni.

Ubao wa kwanza ulikuwa mweupe mno. Wa pili na wa tatu ulikuwa na manjano ya limau. Katika ubao wa nne tulibishana sana, hata msichana mmoja wa wale waliotoka mbali akasema: «Umekosa udongo.» Fundi alicheka, kisha akatia robo ya kijiko cha nyekundu, na ubao wa tano ukawa karibu kabisa. Rangi nyeusi aliikataza hata isifunguliwe, akisema tone moja lake lingeitia krimu majivu. Ubao wa sita ulikuwa na vijiko viwili vya manjano na robo ya nyekundu. Tulipouegemeza ukutani, watoto walioketi mwisho hawakuweza kusema ubao unaishia wapi.

Hapo tufungue mlango mdogo. Watu hupenda kukwangua rangi ya zamani ili wapeleke kipande dukani. Katika nyumba za siku nyingi huenda rangi hiyo ina risasi, yaani ile madini, nayo ni sumu kwa watoto hata ikiwa kidogo. Mwaka 1921, huko Geneva, mataifa yalifanya mapatano dhidi ya rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba, lakini si kila kiwanda kiliacha. Lowesheni ukuta kwanza, kateni kipande kimoja tu, na watoto wawe nje.

Ikabaki hesabu. Chumba kina urefu wa mita 8, upana 6 na kimo 3. Fundi alikataa kuiunganisha rangi mpya katikati ya ukuta, kwa kuwa macho huona hata tofauti ndogo ikiwa kwenye ubapa mmoja. Lakini kwenye pembe, ambapo mwanga huziangukia kuta mbili kwa namna mbili, macho husamehe. Basi tulizipaka kuta ndefu zote mbili toka pembe hadi pembe, na ule wa nyuma, tukauacha ukuta wa mbele na rangi yake ya zamani. Ni mita za mraba 66, ukitoa mlango na madirisha 56, mara mbili 112. Lita moja hutosha kama mita 10, lakini ukuta mpya hunywa sana, kwa hiyo tuliichanganya ndoo nzima kwa siku moja. Wanafunzi walizidisha kwa 40, na mmoja alisimama kandokando ya fundi akihesabu vijiko kwa sauti.

Mstari hauonekani tena. Lile neno darasani hatujalisikia tangu siku ile. Uwanjani bado hutokea mara moja moja, wakati wa mpira hasa. Rangi iliyosalia imefungwa katika ndoo yake juu ya kabati, na kwenye kifuniko fundi ameandika kwa mkaa chapa ya ile nyeupe, kisha: manjano 80, nyekundu 10.