Rob Halford, mfua sauti wa Walsall

Mapema mwaka 1980, ndani ya jumba la Tittenhurst Park karibu na mji wa Ascot, Uingereza, wanaume wazima walikuwa wakitikisa trei iliyojaa visu, uma na vijiko mbele ya maikrofoni. Jumba lilikuwa la Ringo Starr, aliyelinunua kwa John Lennon. Bendi ya Judas Priest ilikuwa ikirekodi wimbo kuhusu maroboti ya chuma yaliyoitiisha dunia, na prodyuza Tom Allom alitaka miguu yao isikike ikija. Mashine za kuhifadhi milio na kuitoa kwa kubonyeza kitufe zilikuwa bado hazijaenea, kwa hiyo kila mshindo ulitafutwa kwa mikono. Kwa wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo zilivunjwa chupa za maziwa.

Albamu ilipewa jina British Steel, jina la shirika la chuma la taifa. Wakati huo wafanyakazi wa shirika hilo walikuwa kwenye mgomo ulioanza Januari 2 na kumalizika Aprili 3, na mpiga gitaa Glenn Tipton aliwahi kuajiriwa humo kabla ya kuishika njia ya muziki. Ule wimbo wa maroboti, "Metal Gods", ndio uliompa mwimbaji wao lakabu anayoitwa hadi leo: Mungu wa Metali. Jina lake ni Rob Halford, na kabla ya kuwa mungu wa mtu yeyote alikuwa mshika taa katika jumba la maonyesho.

Alizaliwa Agosti 25, 1951, Sutton Coldfield, akakulia Walsall, kwenye mtaa wa Beechdale uliojengwa na serikali ya mji kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Huo ni ukanda wa viwanda unaopakana na Birmingham, mahali ambapo mkaa, moto na chuma viliwalisha watu kwa vizazi. Halford amesimulia mara nyingi jinsi alivyopita kando ya tanuri la kuyeyusha chuma akienda shule, moshi ukimkaba koo, na jinsi nyundo za viwandani zilivyotikisa madawati darasani. Hakuwa peke yake kulelewa na kelele hizo. Tony Iommi wa Black Sabbath, kijana wa Birmingham, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akalazimika kulegeza nyuzi za gitaa lake ili aweze kuzibonyeza. Mlio mzito uliotokana na nyuzi hizo ukawa msingi wa muziki mzima wa hevi metali.

Halford hakwenda kiwandani. Akiwa shule ya msingi, mwalimu mmoja alimsikia akiimba, akamtoa darasani na kumpeleka darasa la jirani aimbe tena mbele ya watoto wengine; husema siku hiyo ndipo alipojua kwamba sauti yake inaweza kuwageuza watu vichwa. Alipomaliza shule alipata kazi kwenye jumba la maonyesho la Grand huko Wolverhampton, akajifunza kuwasha na kuelekeza taa za jukwaani. Baadaye aliuza suti katika duka la nguo za kiume. Kazi zote mbili zilimfaa. Ya kwanza ilimwonyesha onyesho linavyosukwa nyuma ya pazia, na ya pili ikamfunza jinsi vazi linavyombadilisha mtu kabla hajafungua mdomo. Jioni alikuwa akiimba katika bendi ndogondogo za mitaani, ya mwisho ikiitwa Hiroshima.

Mwaka 1973 dada yake alikuwa na urafiki wa kimapenzi na mpiga besi wa Judas Priest, Ian Hill. Bendi ilikuwa imempoteza mwimbaji wake, Al Atkins, na dada akamtaja kaka yake. Halford akaingia, akamleta na mpiga dramu wa Hiroshima, John Hinch. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ya kwanza, Rocka Rolla, kupitia kampuni ndogo ya Gull.

Pesa hazikuwepo. Walipokuwa wakirekodi albamu ya pili, Sad Wings of Destiny, iliyotoka mwaka 1976, walijiwekea mlo mmoja kwa siku. Tipton alifanya vibarua vya bustani, mpiga gitaa mwenzake K. K. Downing alikwenda kiwandani, naye Hill aliendesha gari la kusambaza bidhaa. Humo ndimo ulimo wimbo "Victim of Changes", uliounganishwa kutokana na nyimbo mbili za zamani, mmoja ukiwa wa enzi za Atkins na mwingine wa Halford. Karibu na mwisho wake, baada ya dakika kadhaa za mwendo mzito, sauti ya Halford inapaa ghafla hadi mahali ambapo msikilizaji anatazamia gitaa.

Sauti hiyo ndiyo mtaji wake. Wapenzi wake hukadiria kwamba inatembea oktava nne. Chini ana sauti nene ya mtu anayetoa amri, katikati ana sauti ya mwimbaji wa kawaida wa roki, na juu ana kile kilio chembamba ambacho wanaume wengi hukitoa kwa utani tu. Mtu anapoimba juu namna hiyo, nyuzi za sauti hunyooshwa zikawa nyembamba, na zinazotetemeka ni kingo zake tu. Kwa kawaida sauti hiyo huwa laini, yenye hewa nyingi, isiyo na ubavu. Halford aliitia nguvu ya pumzi kutoka tumboni na kuipa makali, hadi ikaweza kusimama mbele ya magitaa mawili ya umeme bila kumezwa. Waimbaji wa metali waliokuja baadaye walimsoma kama mwanafunzi wa madrasa anavyomsoma ustadhi wake.

Si kila kitu kilikuwa kilio. Mwaka 1977, katika albamu ya Sin After Sin, bendi iliuchukua wimbo wa Joan Baez, "Diamonds & Rust", ikautia umeme. Halford husimulia kwamba miaka minane baadaye, Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid jijini Philadelphia, alimwona Baez akimjia nyuma ya jukwaa, akadhani anakuja kumgombeza. Kumbe mama huyo alitaka kumwambia kuwa mwanawe anaupenda zaidi wimbo huo ulivyoimbwa na Judas Priest.

Vazi nalo lilifuata. Kufikia mwaka 1978 bendi ilikuwa imeacha hariri na mitindo ya kihipi, ikaingia kwenye ngozi nyeusi, minyororo na mikanda ya misumari. Halford akaanza kuingia jukwaani juu ya pikipiki ya Harley-Davidson inayonguruma. Katika miaka michache tu vijana kutoka São Paulo hadi Tokyo walikuwa wamevaa vivyo hivyo, na hata leo asiyejua wimbo mmoja wa metali humtambua shabiki wake kwa koti.

Nyuma ya koti palikuwa na jambo ambalo mashabiki hawakuambiwa. Halford alijua tangu ujana kwamba anavutiwa na wanaume wenzake. Wanabendi walijua, wala hawakumsumbua. Lakini yeye aliamini kwamba siku habari ikitoka hadharani, mashabiki wataikimbia bendi na wenzake watapoteza riziki waliyoihangaikia kwa mlo mmoja. Kwa hiyo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupaza sauti aliishi karibu robo karne akijichunga kila neno. Akiwa Athens, Ugiriki, njiani kwenda mapumzikoni Mykonos, alimwona ng'ambo ya baa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mzaliwa wa Unguja ambaye Halford alimhusudu kuliko karibu mwimbaji yeyote. Wakapungiana mikono. Hawakuwahi kuzungumza, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Kimya hicho alikizamisha kwenye pombe na dawa za kulevya. Mwishoni mwa mwaka 1985 hali ilikuwa mbaya kiasi cha kumpeleka kwenye matibabu ya uraibu huko Phoenix, Arizona. Tangu Januari 6, 1986, hajagusa pombe. Huieleza tarehe hiyo kama sehemu ya kazi yake, kwa maana kabla ya hapo hakuwahi kupanda jukwaani akiwa na akili zake zote, na alipofanya hivyo kwa mara ya kwanza alishangaa kujisikia anavyoimba.

Akili hizo zilihitajika mwaka 1990. Desemba 1985, mjini Sparks, Nevada, vijana wawili waliokuwa wamekunywa pombe na kuvuta bangi huku wakisikiliza Stained Class, albamu ya Judas Priest, walijipiga risasi. Mmoja alifariki papo hapo. Mwenzake alinusurika akiwa na majeraha mabaya usoni na kufariki miaka mitatu baadaye. Familia zilifungua kesi Reno, zikidai kuwa ndani ya wimbo "Better by You, Better than Me" bendi ilificha amri ya siri ya kujiua. Wimbo wenyewe hata haukuwa wao. Ulikuwa wa bendi ya Spooky Tooth.

Julai na Agosti 1990 Halford alikaa mahakamani amevaa suti, na alipoitwa kizimbani akaombwa aimbe. Akaimba bila chombo, mbele ya jaji, ili isikike jinsi anavyovuta na kutoa pumzi mwishoni mwa kila mstari. Kisha akafanya jambo lililowapunguzia wadai makali. Alikuwa amekwenda studio, akazigeuza kanda zao wenyewe na kuzicheza kinyumenyume kwa saa nyingi, akisaka maneno. Akayapata, na yalikuwa ya kipuuzi mtupu, likiwemo la mtu anayemlalamikia mama yake kwamba kiti chake kimevunjika. Hoja yake ilikuwa nyepesi: sikio likiambiwa cha kutafuta, litakipata. Jaji Jerry Carr Whitehead aliamua kwamba ile iliyodaiwa kuwa amri ilitokana na mlio wa gitaa kugongana kwa bahati na pumzi ya mwimbaji. Bendi ikashinda.

Wiki chache baadaye ikatoka Painkiller. Wimbo uliobeba jina la albamu unaimbwa karibu wote huko juu kabisa, na mpaka leo ndio mtihani wanaopewa waimbaji wanaotaka kujiita wa metali. Agosti 1991, Toronto, ziara nayo ilimpa wake. Alipokuwa akiingia na pikipiki katikati ya moshi bandia, ngazi iliyopaswa kuwa imeinuliwa ilikuwa bado haijafika juu. Akaigonga kwa uso, akaanguka, pua ikavunjika. Wenzake walianza kupiga bila kumwona. Baada ya kitambo akainuka, akashika maikrofoni na kuimba onyesho lote, kisha ndipo akapelekwa hospitali.

Mwaka 1992 akaondoka. Alitaka kufanya mradi wake wa pembeni, mambo ya mikataba na barua yakavurugika, na pande mbili zikaachana bila mtu kukaa na mwenzake na kuzungumza. Akaanzisha Fight, iliyotoa War of Words mwaka 1993. Baadaye akajaribu muziki wa mashine na kompyuta katika kundi la 2wo, jambo ambalo mashabiki wengi hawakulielewa. Judas Priest walimchukua Tim Owens, kijana wa Akron, Ohio, aliyekuwa akiimba katika bendi ya kunakili nyimbo zao, kisa kilichochochea filamu ya Rock Star ya mwaka 2001.

Ilikuwa katika kuitangaza 2wo, Februari 1998, ndipo Halford alipoketi kwenye studio za MTV jijini New York. Katikati ya mazungumzo akasema, kama mtu anayetaja mji aliozaliwa, kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Hakuwa amepanga. Husimulia kwamba alisikia ubao wa karatasi wa mmoja wa watayarishaji ukianguka sakafuni. Alirudi hotelini akisubiri dhoruba, na yaliyomfikia zaidi yakawa maneno ya heri kutoka kwa wapenzi wa muziki aliodhani hawatamvumilia. Hofu aliyoibeba tangu miaka ya 1970 haikuwa na ukubwa alioupa.

Akarudi kwanza na bendi yenye jina lake na albamu ya Resurrection mwaka 2000, halafu mwaka 2003 akarejea Judas Priest. Msimu uliofuata, katika ziara ya Ozzfest, Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, aliugua siku ya onyesho la Camden, New Jersey. Halford alipanda na Judas Priest, akashuka, kisha akapanda tena kuimba seti nzima ya Black Sabbath. Alikuwa ametimiza miaka 53 siku moja kabla.

Uzee wa bendi haukuja peke yake. Mwaka 2018, mwaka wa albamu ya Firepower, Tipton alitangaza kuwa ana ugonjwa wa Parkinson na hataweza tena kuzunguka kwenye ziara. Mwaka 2020 Halford mwenyewe aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, akafanyiwa upasuaji, na mwaka huohuo akachapisha tawasifu yake, Confess, ambamo mengi ya haya ameyaeleza kwa ucheshi wa watu wa Walsall, wasiopenda kumwona mtu akijikweza.

Novemba 5, 2022, jijini Los Angeles, Judas Priest waliingizwa katika Jumba la Umaarufu la muziki wa roki. Halford alipofika kwenye kipaza sauti alijitambulisha kwa jina, akaongeza kuwa yeye ndiye shoga wa bendi, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Baadaye usiku huo aliimba "Jolene" bega kwa bega na Dolly Parton. Machi 2024, akiwa na miaka 72, akatoa na wenzake Invincible Shield, albamu yao ya 19, iliyofika nafasi ya 2 nchini Uingereza. Vilio vya juu vimo, vichache kuliko vya Painkiller na vilivyowekwa kwa hesabu zaidi.