Mstaafu Asiye na Mwenzi: Kondoa au Chimwaga?

Mstaafu aishiye peke yake hana budi kujiuliza: nikiugua usiku, nani atanibishia hodi? Kondoa, kilomita 160 hivi kaskazini ya Dodoma, ina chemchemi mashuhuri, na jirani hupiga hodi bila kualikwa. Chimwaga, ukingoni mwa Dodoma, zamani ilijulikana kwa ukumbi wa mikutano tu. Ni nchi kavu. Mvua huanza Desemba ikakoma Aprili. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimeijaza vijana, ambao likizo huwatawanya makwao. Lakini Hospitali ya Benjamin Mkapa iko papo hapo. Moyo wangu uko Kondoa. Hata hivyo, mwenye shinikizo la damu ningemshauri Chimwaga, ila apangishe chumba kimoja kwa familia, wala si kwa mwanafunzi.