Nilifunga bia, kopo langu halikufunga

Kama kuna mahali ambapo Ijumaa ya Kwaresima haina uchungu, basi ni kwetu Chato. Padri anasema leo hakuna nyama. Sawa. Mtu unateremka sokoni, unachagua sato wa saizi yako, anakaangwa mpaka anakuwa rangi ya dhahabu ya Geita, unakamulia ndimu, ugali wa moto pembeni. Ukimaliza unajilamba vidole na kutangaza kwamba umejinyima. Umejinyima nini, bwana? Aliyefaidi mfungo huo ni ng'ombe peke yake.

Kwa wale wasioijua sheria yetu Wakatoliki, iko hivi. Kwaresima inaanza Jumatano ya Majivu. Ukihesabu mpaka Jumamosi Kuu utapata siku 46, ukitoa Jumapili 6 zinabaki 40. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, yaani mlo kamili mmoja kwa siku. Sheria hiyo inawabana wenye miaka 18 mpaka wanapofikisha 59. Nyama nayo inakatazwa kuanzia miaka 14. Mengine yote mtu anajipangia mwenyewe: sala, kufunga na sadaka. Hapo kwenye kujipangia ndipo vijana tunapojifanya wajanja.

Kwaresima ya mwaka 2023 mimi nilifunga bia. Si utani! Washikaji wakaniita Baba Askofu, wakanisogezea chupa mpaka puani, nikakataa. Hata Jumapili, ambayo haihesabiwi, sikugusa. Na nilihakikisha kila mtu anajua. Nikiingia mahali nikaagiza soda, nilikuwa naagiza kwa sauti kubwa kuliko mlevi.

Wakati huo nilikuwa namsaidia shangazi kwenye meza yake ya dagaa sokoni. Wenye hela walinunua kwa sado, wasio nazo walinunua kwa kopo. Sasa nikupe siri ya kopo letu. Kitako chake kilikuwa kimegongwa nyundo kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu limejaa, tena lina kilima, lakini chini kuna shimo la hewa la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kila makopo kumi tuliyouza, la kumi na moja lilibaki kwetu bure. Nyundo niliishika mimi mwenyewe. Na wala sikuona kama ni dhambi. Meza ya kushoto kopo limebonyea, meza ya kulia limebonyea, ukinyoosha la kwako utaambiwa unajipendekeza.

Haya. Kwaresima ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, Jumapili ya kwanza kabisa, tarehe 26 Februari 2023, zikatufikia habari kutoka Geita mjini. Kijana mmoja alikuwa ameingia Kanisa Kuu usiku, akavunja sanamu na vitu vitakatifu. Kanisa limenajisiwa. Askofu wa Geita, Flavian Kassala, akalifunga kwa siku 20. Sisi wa Chato kikanisa tuko Jimbo la Rulenge-Ngara, lakini mkoa wetu ni Geita, na msiba wa jirani ni wako. Mji mzima ulikuwa unaongea hilo tu.

Mimi ndiye nilikuwa naongea kuliko wote. Pale mezani, huku napima dagaa, nilimlaani kijana yule kuanzia asubuhi mpaka jioni. Eti vijana wa siku hizi hawana hofu ya Mungu! Nasema hivyo, na mkono wangu unatikisa kopo ili dagaa wakae vizuri juu ya shimo.

Ijumaa akaja bibi mmoja wa jumuiya yetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu. Akaomba kopo moja. Nikapima, nikaweka kilima, nikamimina kwenye mfuko wake. Alipokwisha kulipa akaniomba kopo lenyewe. Nikampa. Akaingiza mkono, akapapasa kitako polepole kama mtu anayempapasa mtoto paji la uso kuona kama ana homa. Kisha akanirudishia. Hakusema kitu. Akaaga na kuondoka.

Msomaji wangu, afadhali angenitukana.

Kesho yake Jumamosi tukakutana jumuiya. Baada ya somo, mazungumzo yakaenda moja kwa moja Geita. Huyu anasema kijana yule afungwe maisha, yule anasema ana mapepo. Mimi nilikaa kimya siku hiyo, jambo ambalo si kawaida yangu. Bibi alipopewa nafasi akasema maneno machache tu. Alisema: "Yule amevunja sanamu na kanisa limefungwa ili litengenezwe. Na sisi tunaovunja watu kidogo kidogo kila siku, nani atatufunga tutengenezwe?" Hakunitazama. Hakumtazama mtu yeyote. Lakini nilihisi jasho linatiririka mgongoni.

Usiku nikafungua Biblia nikitafuta mahali pa kujificha. Nikaangukia nabii Amosi, sura ya 8, anawafokea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuchezea mizani huku wakingojea sikukuu iishe ili wauze. Mtu wa karne nyingi kabla ya Kristo, lakini kama vile alipita sokoni kwetu wiki iliyopita.

Nikaenda kuungama. La kwenye kitubio sitaki kulisimulia lote, ila malipizi nitakwambia. Unaowajua warudishie, usiowajua toa cha kwao kwa maskini, na kopo ulinyooshe. Hilo la tatu nililiona rahisi, kumbe ndilo gumu. Meza haikuwa yangu.

Shangazi aliponisikia alikaa chini. "Mwanangu, kodi ya chumba unailipa wewe? Ada ya wadogo zako unailipa wewe? Hilo kopo la kumi na moja ndilo linalowasomesha." Hakuwa na hasira, na ndiyo maana nilikosa jibu. Alikuwa anasema kweli. Dagaa ananunua kwa bei ya wengine, ushuru analipa kama wengine. Dhambi yangu ilikuwa inanunua madaftari.

Tulibishana siku tatu. Mwisho nikamwambia hela ya bia ninayoiacha naileta mezani. Mpaka hapo, msomaji, nilikuwa sijawahi kujiuliza ile hela inakwenda wapi. Nilikuwa nimeacha bia na kununua viatu! Shangazi akacheka, akanipa nyundo. Nikaligeuza kopo, nikaligonga kutoka ndani mpaka kitako kikanyooka. Jirani wa kushoto akauliza kama nimerogwa.

Bibi alipopita tena nilimpimia kopo la pili, sikupokea hela. Akapapasa kitako. Akacheka kidogo, akasema, "Sasa mfungo umeanza." Tarehe 18 Machi Kanisa Kuu la Geita likafunguliwa tena kwa misa. Mimi nilikuwa mezani napima.

Usidhani baada ya hapo wateja walimiminika tukatajirika. Hayo ni ya sinema. Wachache walihamia kwetu, faida ikabaki pungufu, na kuna mwezi ada ilichelewa. Pasaka ilipofika, tarehe 9 Aprili, nilikunywa bia yangu moja kwa amani, na nikaona wazi kwamba kuiacha hakukuwa kazi kubwa hata kidogo. Bia inarudi Pasaka. Kopo likinyooshwa, kazi ni kutoligonga tena Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne, na mwezi wa nane wakati dagaa wameadimika na hakuna mtu aliyepakwa majivu.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, Kwaresima ikija funga sigara, funga disko, funga sato kama unaweza. Ila kabla hujatangaza, ingiza mkono kwenye kopo lako upapase kitako. Dereva wa bodaboda analo, karani analo, fundi cherehani analo, hata mwandishi wa gazeti analo. Unalijua la kwako.